Lami chini ya mchanga wa Jubail: hatua hamsini kati ya kichaka kilichokufa na kilichopona

Swali la msomaji: "Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Takaungu, Kilifi, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Jubail, Saudia. Ijumaa tusipokuwa na zamu huenda na wenzangu kuvua samaki kaskazini mwa mji. Juzi nilikuwa nachimba chambo kando ya vile vichaka vifupi vya chumvi vinavyoota ufukweni, koleo likagonga kitu cheusi kigumu, na chini yake tope lenye harufu ya lami. Mzee mmoja wa hapa akaniambia ni mafuta ya vita vya 1991. Vichaka vilivyo juu yake vimekufa, vimebaki vijiti, lakini ukipiga hatua hamsini mbele viko vingine vimestawi kabisa. Rafiki yangu anabisha, anasema mafuta huliwa na bakteria, kwa hiyo yangekuwa yameisha zamani. Je, kweli ni mafuta ya vita? Kwa nini hapa hapajapona na pale pamepona? Na yakimwagika kwetu, mikoko itakufa hivyo hivyo?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, lakini zile hatua zako hamsini ndizo zilizonikamata. Nitazifikia, ila kwanza tumalizane na mzee.

Mzee wako huenda kabisa anasema kweli. Mwishoni mwa Januari 1991, majeshi ya Iraq yaliyokuwa yameikalia Kuwait yalifungulia mafuta ghafi baharini, kutoka kituo cha kupakilia kilichoko nje ya pwani na kutoka meli zilizokuwa zimetia nanga. Makadirio yanatofautiana, yanayotajwa mara nyingi ni mapipa milioni 6 hadi 8, na wapo wanaofika milioni 11. Pepo za shamali zikayasukuma kusini, yakiambaa na pwani ya Saudia, mpaka yakagonga Kisiwa cha Abu Ali. Kisiwa hicho kimechomoza baharini kaskazini mwa Jubail na kimeunganishwa na bara kwa tuta la barabara, kwa hiyo kiliyakinga mafuta kama mkono uliokinga maji ya mvua. Kusini mwake pwani ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Kaskazini mwake, ghuba ndogo moja baada ya nyingine, ukizifuata kona zote utahesabu kama kilomita 800 za ufukwe, zikajaa. Ulipochimba wewe ni upande ulioumia.

Hata hivyo sitakuapia. Lami huja ufukweni kutoka meli zinazopita pia, na Ghuba ina meli nyingi. Mafuta ghafi ya kila kisima yana alama zake za kikemia, na maabara ndiyo pekee inayoweza kusema haya yametoka wapi. Lakini umenipa dalili moja nzuri: umeyakuta chini, si juu. Lami ya meli ya mwaka jana hukaa juu ya mchanga kama kinyesi cha mbuzi. Ile iliyofunikwa na tabaka la mchanga safi, halafu chini yake kukawa na tope bichi lenye kunuka, imekaa miaka.

Sasa vichaka vyenyewe. Vile vilivyo kama vidole vinene vilivyounganishwa pingili kwa pingili, visivyo na jani la kuonekana, vikiwa na kimo cha goti, yaelekea ni Arthrocnemum macrostachyum au ndugu yake Halocnemum strobilaceum. Hivyo huishi miaka mingi. Kuna mwingine mdogo, Salicornia, unaofanana navyo lakini huota kwa mbegu, hukua na hufa ndani ya mwaka mmoja. Kumbuka tofauti hiyo, tutaihitaji. Na ukienda mahali penye maji zaidi utakuta mti unaoujua tangu utotoni: mchu, uleule Avicennia marina wa Kilifi, ukiwa mfupi kwa sababu ya baridi na chumvi ya Ghuba. Waarabu wanauita qurm, na mtaa wa Qurm pale Muscat ulipata jina kwake.

Watu hudhani mafuta yanaua mmea kama moto unavyoua: yanagusa jani, jani linakufa, mambo yameisha. Jani linaumia kweli. Mafuta hufunika matundu madogo ambayo mmea huvutia hewa na kutolea unyevu, usanisinuru, yaani kazi ya jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hushuka, na jani lililopakwa weusi hupata joto kupita kiasi juani. Zile sehemu nyepesi za mafuta, zenye harufu ya petroli, hupenya hadi kwenye seli na kuyeyusha ngozi zake. Ndani ya siku chache jani linakuwa la manjano, kisha la kahawia. Lakini jani kwa mimea mingi ya kinamasi cha chumvi ni kama nywele. Zikinyolewa zitaota, maadamu kichwa kipo.

Hili lilipimwa kwa makusudi. Baada ya meli ya mafuta ya Torrey Canyon kupasuka huko Uingereza mwaka 1967, mtaalamu wa mimea Jenifer Baker alikwenda kwenye vinamasi vya Milford Haven, Wales, akagawa vipande vya ardhi na kuvinyunyizia mafuta ghafi. Mafuta yenyewe, kwa bahati, yalikuwa ya Kuwait. Vipande vingine alivipaka mara chache, vingine mara nyingi kwa kufuatana. Vilivyopakwa hadi mara nne vilirudi vizuri. Vilivyopakwa mara nane au kumi na mbili vilidhoofika sana, na mimea ikabadilika. Aliona pia kwamba ile ya mwaka mmoja, yenye mizizi mifupi na isiyo na akiba chini ya ardhi, ndiyo iliyokufa haraka kuliko yote, ilhali ile yenye mashina manene ardhini iliota tena kana kwamba haikuguswa.

Kwa hiyo kumwagikiwa mara moja, juu ya majani, kwenye mmea wenye akiba, si hukumu ya kifo. Ndiyo maana mwaka 2010, mafuta ya kisima cha Deepwater Horizon yalipofika Louisiana, Marekani, matete yaliyo kwenye mdomo wa Mto Mississippi yaliguswa mashina na kufa juu, kisha yakachipua kwenye vifundo vyake. Tete ni lile lile unalolijua, la kusukia majamvi na kutengenezea wigo. Halifi kirahisi.

Basi vichaka vyako vimeuawa na nini? Vimeuawa kutoka chini.

Chukua koleo lako urudi kwenye tope lolote la pwani, hata lisilo na tone la mafuta. Sentimita chache za juu ni za kahawia. Chini yake ni nyeusi, na linanuka mayai viza. Hiyo harufu ni haidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa, na kwa mizizi ni sumu. Tope lililolowa haliruhusu oksijeni kupita. Hewa husafiri ndani ya maji kwa taabu sana. Kila mmea unaoishi hapo umetafuta hila yake ya kupumua. Nyasi ya Spartina ya Amerika ina mianya ndani ya shina, kama mrija, inayoshusha hewa kutoka kwenye jani hadi ncha ya mzizi. Mchu umesimamisha vile vijiti vinavyochoma nyayo, mizizi ya kupumulia, yenye matundu madogo kwenye ngozi yake. Maji yakipwa vinavuta hewa. Vichaka vyako vya Jubail vinategemea zaidi ardhi yenyewe ipitishe hewa: maji yakitoka, hewa iingie kwenye mianya iliyoachwa wazi.

Na mianya hiyo ni nani aliyeichimba? Kaa.

Hapa ndipo jibu lako lilipo. Kinamasi cha Ghuba kikiwa kizima kina matundu ya kaa wengi kwa kila mita ya mraba. Kaa hupandisha tope la chini juu, huteremsha maji na hewa chini, huizunguka mizizi kama mkulima anayepalilia. Hakuna anayewalipa. Mafuta ya 1991 yalipoingia na maji kujaa, kisha maji yakapwa, yalikuta milango imefunguliwa. Kinamasi cha matope kwa kawaida hakinywi mafuta. Udongo ni laini mno, mafuta hubaki juu. Lakini kwa njia ya matundu ya kaa yaliteremka hadi karibu nusu mita. Kaa wakafa wote mle ndani. Matundu yakabaki yamejaa mafuta kama chupa, na baadhi yake mafuta yalikuwa bado ni maji maji miaka mingi baadaye, kwa sababu huko chini hakuna jua, hakuna hewa, hakuna kitu cha kuyakausha. Nyumba zilizoleta uhai zikawa ghala la sumu.

Kilichofuata kilizidi kuharibu. Kaa na konokono ndio waliokuwa wanakula ule utando wa kijani na mweusi wa sianobakteria unaotanda juu ya tope. Walipokufa, utando ukatawala. Ulifunika kinamasi kama zulia la mpira, ukaziba mianya iliyobaki. Mbegu ya Salicornia ikianguka juu yake haipati ardhi. Kaa mchanga akija na maji hapati pa kuchimba. Mafuta mazito ya juu nayo yalishikana na mchanga yakawa lami ngumu, ndiyo hiyo iliyogongwa na koleo lako. Vijito vidogo vinavyoingiza na kutoa maji ya bahari vikajaa mchanga. Maji yakaacha kuzunguka. Ukishafika hapo, hata mafuta yakiondolewa kesho, mmea hauna pa kupumulia.

Niseme ukweli, utando huo haukuwa adui mtupu. Sehemu nyingine ulikauka kwa jua, ukapasuka vipande vipande, ukajikunja kama karatasi ukiwa umebandukana na tabaka la juu la mchanga wenye mafuta, na upepo au maji yakavichukua. Mahali hapo palijisafisha penyewe kidogo kidogo. Maumbile hayana upande.

Sasa hatua zako hamsini. Sijasimama hapo uliposimama, lakini nitakuwekea dau la kikombe cha kahawa chungu: pale palipostawi pana kijito karibu, au ni ukingo wa mfereji ambao maji hupita kila siku. Watafiti waliofuatilia vinamasi vya ghuba za kaskazini mwa Jubail kwa miaka mingi waliliona hilo mahali baada ya mahali. Uponaji ulianzia kwenye kingo za vijito. Maji yanayopita huleta oksijeni, oksijeni huwaamsha bakteria, kaa hupanda kutoka upande wa bahari wakichimba ukingoni, na Salicornia wa mwaka mmoja, yule yule aliyekuwa wa kwanza kufa, huwa wa kwanza kurudi kwa kuwa anasafiri kwa mbegu. Vichaka vya miaka mingi hufuata nyuma yake polepole. Kila hatua unayoiacha nyuma ukitoka kwenye kijito, hali inakuwa mbaya zaidi, mpaka unafika kwenye ile sehemu ya juu ambayo maji huifikia wakati wa bamvua tu, yaani siku za maji makuu. Mafuta yaliyopandishwa huko na bamvua hayakuwa na maji ya kuyateremsha tena.

Rafiki yako wa bakteria, basi, ana nusu ya ukweli. Bakteria wanakula mafuta, tena kwa hamu, na wapo kila bahari. Ila wanahitaji oksijeni, na wanahitaji naitrojeni na fosforasi, kama shamba linavyohitaji mbolea. Juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi watamaliza kazi ndani ya miaka michache. Ndani ya tope lisilo na hewa kazi hiyo inaenda kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu hili unatoka West Falmouth, jimbo la Massachusetts. Septemba 1969 tishari liitwalo Florida lilipanda mwamba hapo, likamwaga kama lita 700,000 za mafuta mepesi ya aina ya dizeli. Ajali hiyo ilitokea karibu na taasisi ya bahari ya Woods Hole, kwa hiyo wanasayansi walikwenda kuitazama, na hawajaacha kuitazama. Miaka 30 baadaye walichimba kwenye kinamasi cha Wild Harbor wakayakuta mafuta, kati ya sentimita 8 na 20 chini, yakiwa hayajabadilika sana. Juu palikuwa pazuri. Mpita njia angesema pamepona.

Kaa walikuwa wanajua. Wale wadogo wenye gando moja kubwa, madume, walipochimba Wild Harbor walifika kwenye tabaka la mafuta wakakata kona. Matundu yao yalikuwa mafupi na yamepinda, wakati wenzao wa kinamasi cha jirani walichimba moja kwa moja kwenda chini. Tena walikuwa wazito kukimbia wakishtuliwa. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu, mkifika mahali penye mafuta ya zamani msiulize majani, muulizeni kaa.

Umeona hapo nimetaja dizeli. Aina ya mafuta ina maana yake. Mepesi, kama dizeli na petroli, yana sumu kali zaidi na hupenya haraka, lakini sehemu kubwa huruka hewani kama yamemwagika mahali wazi. Mazito, kama mafuta ghafi yaliyokaa baharini siku nyingi, yana sumu ndogo lakini hunyonga kwa kufunika. Yale ya Ghuba yalikuwa yameshatembea majini kwa siku na majuma kabla ya kufika kwenye vinamasi, na yale ya Deepwater Horizon yaliyoingia Barataria Bay, Louisiana, vivyo hivyo. Huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana waliona kwamba mimea iliyofunikwa sana ilikufa karibu yote upande wa juu. Iliyopakwa kiasi iligawanyika: Spartina ilihimili, ilhali jirani yake mwenye majani kama sindano, Juncus roemerianus, alidhoofika. Mimea miwili inayoota bega kwa bega, mafuta yale yale, majibu tofauti.

Na Louisiana ilionyesha jambo ambalo huko kwako halionekani sana. Kule tope ni laini na mawimbi yanakula kingo kila siku. Kinachoishika nchi ni mizizi. Mizizi ilipokufa, kingo zilizofunikwa mafuta zikamomonyoka kwa kasi karibu mara mbili ya zile safi. Mimea ya nyuma iliyosalia ilikuwa inaota tena, lakini ukingo uliokwisha kuanguka baharini haurudi kwa kuchipua. Jubail kilio ni kwamba mafuta hayaondoki. Louisiana kilio ni kwamba ardhi yenyewe imeondoka.

Najua utauliza mbona hawakuyafagia. Walijaribu, kwingine, na hapa nina hasira kidogo. Machi 1978 meli ya Amoco Cadiz ilipasuka pwani ya Brittany, Ufaransa, ikamwaga zaidi ya tani 220,000. Kinamasi cha Île Grande kilijaa. Watu walikuja kwa nia njema na mitambo mikubwa, wakakwangua mafuta pamoja na tope, mahali pengine hadi nusu mita. Mizizi na mashina ya chini, yaani ile akiba niliyokueleza, vikabebwa na malori. Vinamasi vingine vya pwani hiyo hiyo ambavyo havikuguswa vilirudi mapema kuliko pale palipokwanguliwa, kwa sababu palipokwanguliwa ardhi ilikuwa imeshuka chini ya kimo ambacho mimea huhitaji ili kukutana na maji. Hata mguu wa mtu unatosha kuharibu. Ukikanyaga tope lenye mafuta unafanya kazi ambayo maji ya bahari hayakuweza kuifanya: unayashindilia chini, mahali pasipo hewa. Wafanyakazi kumi kwa siku tatu wanaweza kuzika mafuta kwa miaka thelathini.

Sisemi siku zote tuache. Mlango wa Magellan, Chile, mwaka 1974 meli ya Metula ilimwaga kama tani 50,000, hakuna aliyesafisha, na lami nene ilikaa juu ya kinamasi kwa miongo kadhaa bila kuota kitu. Barataria Bay waliamua tofauti: palipofunikwa kidogo waliacha, palipofunikwa vibaya mno walikata mimea iliyolala na kukwangua ukoko wa juu tu, wakisimama juu ya mbao ili wasikanyage tope, kisha sehemu nyingine wakapanda Spartina upya. Palipopandwa palirudi upesi zaidi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya mtu mzima: uamuzi wa kila kipande, si amri moja kwa pwani nzima.

Huko kwako, fidia ya Umoja wa Mataifa kwa uharibifu wa vita ilipotumika kutengeneza pwani, miaka takriban 20 baada ya mafuta, mojawapo ya kazi zilizofanywa kwenye vinamasi ilikuwa kuchimba vijito vipya. Ni kazi rahisi ukiisikia: mfereji wa kuingiza maji ndani ya uwanja uliokufa. Lakini ukiwa umenifuata tangu kwenye kaa, utaona kwa nini ina akili. Maji yakizunguka, hewa inaingia. Hewa ikiingia, kaa wanakuja. Kaa wakija, mbegu zinapata pa kushika. Kwa hiyo ukikuta mfereji ulionyooka kupita kiasi, karibu na uoto uliostawi, huenda si bahari iliyouchimba.

Sasa Takaungu. Kwetu hatuna vinamasi vikubwa vya nyasi za chumvi. Mikoko imechukua nafasi hiyo, na nyuma yake majangwa ya chumvi yenye mimea minene inayotambaa. Matope ni yale yale, kaa ni wengi zaidi, na mafuta yatafanya yale yale, ila mti una shida moja ambayo nyasi haina. Nyasi ikipoteza mwaka mmoja inarudi na mwaka mwingine. Mkoko uliochukua miaka thelathini kukua, ukifa, umepoteza miaka thelathini. Bahía Las Minas, Panama, tangi la mafuta lilipasuka Aprili 1986 na mapipa yasiyopungua 50,000 yakaingia kwenye mikoko; miaka mitano baadaye mafuta yalikuwa bado yanatoka kwenye tope kila maji yakipwa, yakipaka miche iliyokuwa inajaribu kuanza.

Wazee wa Kilifi waliokata boriti wanajua jambo ambalo vitabu vinalieleza kwa maneno marefu: mkoko wenye magongo, ile mizizi iliyopinda kutoka shinani, ukiukata haurudi, mchu ukiukata unachipua. Kwenye mafuta inakuwa hivyo pia kwa kiasi. Mchu uliopoteza majani unaweza kutoa machipukizi shinani, lakini una udhaifu wake, ile mizizi ya kupumulia iliyosimama wima ndiyo ya kwanza kupakwa. Ikizibwa yote, mti unakosa pumzi na pia unashindwa kuchuja chumvi, chumvi inapanda hadi majani. Mkoko magongo yake ni marefu na mafuta huenda yasifunike yote, ila ukipoteza majani mengi hauna akiba ya kuanzia. Mombasa walikwisha kuonja: mwaka 1988 mafuta yaliingia hori la Makupa na mikoko ikafa, na palibaki wazi kwa muda mrefu.

Lakini kinachonikosesha usingizi si meli. Pwani ya kusini mwa Uingereza, karibu na Southampton, kulikuwa na kinamasi kilichouawa polepole na maji machafu ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Fawley. Hakukuwa na ajali. Filamu nyembamba ya mafuta kila maji yakijaa, kwa miaka, ikatosha kuua Spartina eneo kubwa. Kiwanda kiliposafisha maji yake miaka ya 1970, mimea ilianza kurudi yenyewe. Kumbuka vile vipande vya Baker: mara nne sawa, mara kumi na mbili hapana. Na mimi nimesimama nyuma ya gereji moja, kando ya hori ambalo sitalitaja, nikatazama mtaro unaotoa oili chafu hadi kwenye mchu, siku baada ya siku. Nilipochimba kando ya mizizi niliona kile ulichokiona wewe, tena bila vita yoyote. Fundi aliniambia, "Mzee, ni kidogo tu."

Yakimwagika mengi kwetu, cha kwanza ni kuyazuia kwenye mdomo wa hori kabla hayajaingia kwenye mikoko, na hiyo ni kazi ya saa chache yenye kuhitaji vifaa. Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo ya kuarifiwa kwanza, na kikundi cha ufukwe cha wavuvi kijue mapema namba ya kupiga. Yakishaingia, vijana wasiingizwe na ndoo na majembe. Wasikate matawi. Wasimwage sabuni, kwa sababu sabuni huyafanya mafuta yaingie ndani zaidi ya tope. Kuosha taratibu kwa maji ya bahari kutoka kwenye mtumbwi, wakati maji yamejaa, kunaweza kusaidia kama mafuta yaliyoelea yanakusanywa papo hapo. Kisha vijito viachwe wazi, hasa vijito.

Kwako wewe, Ijumaa ijayo, chimba tena mahali pawili, palipokufa na palipostawi, kina cha mkono mzima. Tazama kama kuna matundu ya kaa na kama yanashuka wima au yanakata kona, kisha uniandikie. Chambo usichukue kwenye tabaka jeusi wala karibu yake. Lami iliyokushika mikononi usiitoe kwa petroli, ngozi yako nayo ina matundu. Pakaza mafuta ya kupikia, ufute kwa kitambaa, halafu ndiyo unawe kwa sabuni.